Kufunga Mwaka wa Masomo katika Shule ya Wakrii: Mwongozo kwa Mwalimu Mgeni, kuanzia Machi hadi Juni

Kaskazini mwa jimbo la Quebec, nchini Kanada, kuna eneo kubwa liitwalo Eeyou Istchee, yaani nchi ya watu, ambalo ni makao ya Wakrii, mojawapo ya mataifa ya watu wa asili wa Kanada, wa pwani ya mashariki ya Ghuba za James na Hudson na wa maziwa yaliyoko bara. Jamii tisa za eneo hilo zina shule. Upande wa pwani kuna Whapmagoostui, Chisasibi, Wemindji, Eastmain na Waskaganish, na upande wa bara kuna Nemaska, Waswanipi, Oujé-Bougoumou na Mistissini. Shule hizo huendeshwa na bodi ya elimu ya Wakrii wenyewe, iliyoundwa mwaka 1978 kutokana na mkataba mkubwa uliotiwa saini tarehe 11 Novemba 1975 kati yao, Wainuiti (watu wa asili wa kaskazini zaidi) na serikali. Miongoni mwa mamlaka ambayo mkataba huo uliipa bodi ni kupanga kalenda ya shule kwa kushauriana na jamii, mradi idadi ya siku za masomo inayotakiwa na sheria itimie.

Ni kwa sababu ya mamlaka hayo kwamba shule hizi hufungwa majira ya kuchipua ili familia ziende porini kuwinda bata bukini, kwa kawaida kwa muda wa wiki mbili kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Mwalimu aliyetoka mbali, kwa mfano Mkongo au Mrundi aliyeajiriwa kufundisha kwa Kifaransa, huyaona mapumziko hayo kama shimo lililochimbwa katikati ya muhula, wiki chache tu kabla ya mitihani. Mimi pia niliyaona hivyo mwaka wangu wa kwanza, na nilikosea. Mapumziko ya bata bukini ndiyo nguzo ambayo miezi minne ya mwisho ya mwaka hujengwa kuizunguka, na hatua ninazozieleza hapa zinamsaidia mwalimu kujenga kwa mpangilio huo.

Hatua ya kwanza: Hesabu wiki kinyumenyume (mapema Machi)

Chukua kalenda ya shule yako mwenyewe, si ya jamii jirani, kwa kuwa tarehe za mapumziko huweza kutofautiana kati ya pwani na bara. Anzia siku ya mwisho ya wanafunzi mwezi Juni na urudi nyuma. Toa wiki za mitihani, toa wiki mbili za mapumziko, kisha toa siku tatu kabla ya mapumziko na siku tatu baada yake, kwa sababu ambazo nitazieleza. Zinazobaki ndizo wiki zako za kufundisha jambo jipya, na karibu kila mara ni chache kuliko ulivyodhani. Ni afadhali kuujua ukweli huo Machi, wakati bado unaweza kuchagua mada zipi zipewe uzito, kuliko kuugundua tarehe 20 Mei.

Siku hiyohiyo fungua na wanafunzi daftari moja la darasa, nitakaloliita daftari la msimu. Ndani yake huandikwa kila siku halijoto, upepo unakotoka na hali ya theluji, kisha yale mambo mawili yanayosubiriwa na kila mtu, yaani siku ambayo bata bukini wa kwanza alionekana au alisikika, na siku ambayo barafu ya mto au ya ziwa ilikatika. Wakrii huhesabu misimu sita, wala si minne, na miwili kati yake imo katika kile ambacho wengine hukiita majira ya kuchipua. Upo msimu ambao theluji huanza kulainika huku barafu ikiwa bado imeshika, na upo mwingine ambao barafu hupasuka na maji kufunguka. Mwache mwalimu wa Kikrii aandike majina ya misimu hiyo juu ya kurasa kwa maandishi ya silabi, ambamo alama moja ikigeuzwa upande hubadili irabu yake. Wanafunzi wa madarasa ya chini hujivuna sana wanapoona kwamba mwalimu wao mgeni ndiye anayejifunza kuyasoma.

Hatua ya pili: Omba ruhusa kabla ya kupanga chochote

Kila kipande cha ardhi kina msimamizi wake wa mawindo, mtu anayejulikana na jamii nzima, ambaye hurithi dhamana ya kuangalia wanyama na kuamua nani awinde wapi na kwa kiasi gani. Ukitaka kupeleka darasa nje ya kijiji, hata kwa saa tatu tu, sharti yeye ajue. Usimpelekee barua kwanza. Mwombe mwalimu wa utamaduni wa Kikrii, ambaye kila shule inaye, akuongoze kwake, mkae, mnywe chai, na ombi lije baada ya salamu. Neno la salamu ni *wachiya*, nalo hufaa asubuhi hata jioni.

Vivyo hivyo kwa wazee watakaokuja kufundisha. Waite kwa heshima ya bibi na babu kama wanafunzi wanavyowaita. Hapa mtu aliyelelewa kwa Kiswahili hahitaji kufundishwa adabu mpya. Waulize wao ni siku gani inafaa, na uwe tayari kuambiwa kwamba hali ya hewa itaamua. Malipo ya muda wao, usafiri na chakula viandaliwe na ofisi ya shule mapema, ili mzee asisimame dirishani akijaza fomu.

Jambo moja ningependa kila mwalimu mgeni alikumbuke anapokaa mbele ya wazee hao. Wengi wao walichukuliwa utotoni na kupelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, zikiwemo zile za kisiwa cha Fort George, ambako walikaa kuanzia mwisho wa kiangazi hadi Juni. Hiyo ina maana kwamba walikosa majira ya kuchipua mwaka hadi mwaka, wakakosa kujifunza mawindo kwa baba zao na kazi za kambini kwa mama zao katika umri ambao mambo hayo hujifunzwa. Shule inayofunga milango yake ili mtoto aende kambini na bibi yake inafanya jambo ambalo bibi huyo alinyimwa. Ninapoulizwa na walimu wenzangu kwa nini wiki hizo mbili zisipunguzwe, hilo ndilo jibu langu.

Hatua ya tatu: Siku za utamaduni (mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili)

Shule nyingi hutenga siku kadhaa ambapo madarasa huhamia kwenye hema lililosimamishwa uwanjani. Sakafu yake hutandikwa matawi mabichi ya msonobari, na kuyatandika ni kazi yenye ufundi, kwani kila tawi hulazwa juu ya shina la lile lililotangulia, upande uliojikunja ukitazama chini, ili mkao uwe laini na mkavu. Wape wanafunzi wakubwa kazi ya kukata na kubeba, na wadogo kazi ya kutandika chini ya macho ya mzee. Jiko la chuma la kuni liwashwe na mtu mzima mmoja aliyekabidhiwa jukumu hilo kwa siku nzima, asiyepewa kazi nyingine yoyote.

Kabla ndege hawajafika, kazi inayofaa ni kutengeneza vinyago vya kuwaita. Kwenye Ghuba ya James kuna ufundi wa zamani wa kufunga vijiti vyembamba vya tamaraki, mti wa jamii ya msonobari unaopukutisha majani yake kila mwaka, hadi vitoe umbo kamili la bata bukini mwenye shingo ndefu. Mwanafunzi wa miaka 10 anaweza kumaliza mmoja mdogo kwa vipindi vinne au vitano akiongozwa na mjuzi. Usiharakishe. Nimeona wanafunzi wasiotulia hata dakika kumi mbele ya kitabu wakikaa asubuhi nzima wakifunga uzi, wakisimuliana kwa Kikrii. Mwalimu mwenye akili hukaa miongoni mwao na kunyamaza.

Somo la sayansi la wiki hizi liwe barafu, na lifundishwe kwa uzito, kwa kuwa linaokoa maisha. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada hupendekeza unene wa sentimita 15 kwa mtu mmoja anayetembea, 20 kwa kundi, na 25 kwa pikipiki ya theluji. Lakini vipimo hivyo ni vya barafu safi yenye rangi ya samawati. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nguvu nusu ya hiyo, na ya kijivu ni dalili kwamba maji yamekwisha kuingia ndani. Katika majira ya kuchipua hata barafu nene huoza, ikawa kama vijiti vilivyosimama wima vikitenganishwa na maji, na hapo kipimo cha rula hakina maana tena. Mwalike mwindaji mzoefu aeleze jinsi anavyoisikiliza kwa kuigonga kwa fimbo yenye ncha ya chuma, na mahali ambapo mkondo wa maji huila kutoka chini. Katika mito ambayo maji yake hudhibitiwa na mabwawa ya umeme, kama ule wa La Grande unaopita Chisasibi, barafu haifuati tena kawaida ya zamani ya mto, na wazee wenyewe husema hivyo waziwazi.

Hatua ya nne: Wiki ya mwisho kabla ya mapumziko

Usianze mada mpya. Usiweke jaribio. Familia zenye kambi za mbali huondoka siku mbili tatu kabla ya tarehe rasmi, kwa kuwa njia ya pikipiki ya theluji ikiyeyuka hawatafika kabisa, na uamuzi huo ni wa busara. Mwaka wangu wa kwanza niliweka mtihani wa hisabati Ijumaa ya mwisho. Wanafunzi 4 walikuja kati ya 19, nami nikawaandikia sifuri wale 15 kwa hasira. Mwalimu mwenzangu, Mkrii, alinijia jioni akaniomba kwa upole nizifute sifuri hizo. Nilizifuta, lakini wazazi wawili walikuwa wamekwisha kuzisikia, na ilinichukua hadi Oktoba kurudisha imani yao.

Tumia wiki hii kukusanya kazi zote zinazodaiwa, kujaza alama, na kumkabidhi kila mwanafunzi karatasi moja tu inayoonyesha alichokamilisha na alichobakisha. Usimbebeshe rundo la mazoezi ya kwenda nayo porini. Litarudi limelowa au halitarudi. Mwagize jambo moja ambalo kambi yenyewe itamfundisha: aulize mtu mzima mmoja jina la mahali walipo na sababu ya mahali hapo kuitwa hivyo.

Hatua ya tano: Ukialikwa kambini, nenda

Walimu wengi huzitumia wiki hizo mbili kusafiri kusini. Hakuna ubaya, na aliyechoka apumzike. Hata hivyo, ukialikwa na familia, mwaliko huo una thamani kuliko semina yoyote ya mafunzo utakayohudhuria.

Chukua mabuti ya mpira yenye kitambaa cha joto ndani, nguo za sufu za kubadilisha, koti lisilong'aa, na miwani ya jua iliyo nzuri kweli, kwa sababu jua la Mei likipiga theluji huunguza macho ndani ya siku moja. Peleka chakula cha kuchangia: unga, chai, sukari, mafuta, matunda. Bunduki si jambo lako. Kaa pale unapoambiwa, inama unapoambiwa uiname, na usiongee ndege wanapokaribia.

Utajifunza haraka kwamba mawindo haya yana sheria zake. Wawindaji wa pwani, kwa mfano wale wa Wemindji, hujizuia kufyatua risasi siku isiyo na upepo, kwa kuwa mlio husafiri mbali na kuwafukuza ndege kutoka eneo zima. Hawapigi giza likiingia. Na sehemu iliyowindwa hupumzishwa wakati kundi linahamia nyingine. Anayeamua ni kiongozi wa mawindo wa eneo hilo, na kijana anayevunja agizo lake huambiwa mbele ya wote. Haya ni mafunzo ya ikolojia na ya uongozi kwa wakati mmoja, na mwanafunzi wako aliyekaa kimya darasani anaweza kuwa hapa mtu wa kutegemewa.

Saidia kazi za kambini. Bata bukini hunyonyolewa kwa mkono, manyoya laini huhifadhiwa, vinyweleo vilivyobaki hubabuliwa kwa moto, kisha ndege huning'inizwa kwa uzi mbele ya moto ndani ya hema, akizunguka polepole hadi mafuta yake yadondoke kwenye chombo kilichowekwa chini. Mkono wa mtu hutakiwa kuusukuma uzi kila unapotulia, na hiyo ndiyo kazi watakayokupa, nawe uifanye kwa moyo. Kijana akipata bata wake wa kwanza, familia hufurahi sana, na zipo familia ambazo hukitunza kichwa cha ndege huyo na kukipamba kwa shanga. Usipige picha kabla ya kuomba.

Hatua ya sita: Siku tatu za kurudi

Wanafunzi hurudi nyuso zao zimeiva kwa jua, wamechoka, na wengine huchelewa kwa sababu barafu imekatika na wanasubiri mashua au helikopta. Siku tatu za kwanza ni za masimulizi. Siku ya kwanza watu wasimulie kwa mdomo, kwa lugha waipendayo. Siku ya pili kila mmoja aandike kile alichosimulia, na ramani kubwa ibandikwe ukutani ili majina ya mahali waliyokusanya yaandikwe juu yake. Siku ya tatu daftari la msimu lirudi mezani: tarehe ya bata wa kwanza, tarehe ya barafu kukatika, na hesabu zinazotokana nazo, kama wastani, tofauti na grafu. Kwa njia hiyo darasa limerudi kazini bila mtu kuburutwa. Walimu wanaorudi na mtihani wa majaribio asubuhi ya Jumatatu hupoteza wiki nzima wakipambana na usingizi na manung'uniko.

Hatua ya saba: Mitihani (mwisho wa Mei na Juni)

Hapa mambo ni sawa na popote Quebec. Alama ya kufaulu ni asilimia 60. Mwanafunzi wa sekondari anahitaji krediti 54, yaani vizio vya masomo aliyofaulu, za kidato cha nne na cha tano, angalau 20 zikiwa za kidato cha tano, ili apate stashahada ya sekondari, tena yako masomo ya lazima, yakiwemo lugha, hisabati, sayansi na historia ya kidato cha nne. Mitihani ya wizara ina tarehe na saa zisizobadilika, kwa hiyo andika majina ya watahiniwa na nambari za simu za nyumbani mapema, na usiku wa kuamkia mtihani mpigie kila mzazi simu. Ni kazi ya saa moja, na huleta watu darasani kuliko tangazo lolote la redio ya kijiji, ingawa redio nayo itumike, kwani hapa husikilizwa kweli.

Mwanafunzi aliyesoma madarasa ya mwanzo kwa Kikrii kisha akahamia Kifaransa au Kiingereza mara nyingi huijua hoja lakini hukwama kwenye neno la swali. Fundisha maneno ya maswali yenyewe, yaani linganisha, fafanua, thibitisha, kwa wiki mbili kabla ya mtihani. Anayeshindwa aelezwe mara moja habari za mtihani wa marudio wa kiangazi, kabla hajaondoka tena kwenda kambini.

Hatua ya nane: Sherehe

Mahafali ni ya jamii nzima, si ya shule peke yake. Panga viti vya wazee mbele, agiza chakula cha kutosha watu wengi zaidi ya walioalikwa, na vyeti vyenye maandishi ya silabi vikaguliwe na mwalimu wa Kikrii kabla ya kuchapishwa. Wahitimu wengi huvaa viatu laini vya ngozi vilivyodariziwa kwa shanga na bibi au shangazi, kazi ya miezi. Tarehe ya mahafali ikitangazwa mwezi Machi, unawapa akina mama hao muda wanaouhitaji. Tarehe 21 Juni ni Siku ya Kitaifa ya Watu wa Asili nchini Kanada, na tarehe 24 ni sikukuu ya Quebec, kwa hiyo usiweke shughuli za kufunga katika siku hizo.

Huenda pia ukaalikwa kwenye sherehe ya mtoto kutoka nje kwa mara ya kwanza, ambayo hufanywa majira haya au kiangazi, mtoto anapokaribia au kupita mwaka mmoja. Asubuhi na mapema mtoto huongozwa kutoka ndani ya hema, akitembea juu ya matawi hadi kwenye mti na kuuzunguka, mvulana akiwa na kibunduki cha mbao na msichana na kishoka au kuni, kisha hurudi ndani kusalimiwa na wazee. Mwanafunzi asiyekuja shuleni siku hiyo kwa sababu ni zamu ya mdogo wake usimwandike mtoro.

Hatua ya tisa: Kukifunga chumba

Kusanya vitabu, hesabu kompyuta, safisha makabati, rudisha funguo. Vinyago vya tamaraki virudi kwa waliovitengeneza. Visibaki rafuni kama mapambo ya shule. Walimu wa kutoka nje huhama mara kwa mara, na huenda atakayekuja Agosti hajawahi kuona theluji. Mwachie sanduku moja lenye orodha ya wanafunzi na walipofikia, jina la mzee aliyekubali kuja tena (kwa idhini yake), na kalenda uliyoihesabu kinyumenyume. Juu kabisa weka daftari la msimu, likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa ambao mtoto fulani aliandika, kwa mkono wake na kwa silabi, siku ambayo bata bukini wa kwanza alipita juu ya paa la shule.